Madam Asiyetaka Kuitwa Daktari

Madam hakupenda kuitwa daktari, na mtaa mzima wa Kiseke, hapa Mwanza, ulimwita Daktari. Walimwita hivyo akinunua nyanya, akitoka kanisani, akisimama kibarazani kwake kumfukuza mbuzi wa jirani. Naye alijibu kila mara kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari: "Mimi si daktari. Si wa watu, si wa vitabu." Kisha akaendelea na shughuli yake. Nimemjua zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kumsikia akichoka kusema hivyo.

Sisi wanafunzi wake tulimwita Madam. Walimu wengine wa kike pale shuleni kwetu, upande wa Mkuyuni, waliitwa Madam na jina juu yake. Yeye alikuwa Madam mtupu. Ukisikia "Madam anakuja," hakuna aliyeuliza yupi. Kila mtu alificha alichokuwa anakula. Alitufundisha kemia kidato cha tano na cha sita, katika maabara yenye madirisha yaliyotazama mawe makubwa ya mlimani, na joto la mchana likipiga yale mawe tulikuwa tunatokwa jasho wakati yeye amevaa sweta. Sweta la kijivu, la mikono mirefu. Tulisema alilileta kutoka Ulaya pamoja na baridi yake.

Hakuvaa saa. Katika miaka yote niliyomjua sikuona saa mkononi mwake, wala hereni, wala pete. Alituuliza sisi, "Kipindi kimebaki dakika ngapi?" Siku moja nikathubutu kumuuliza kwa nini. Akasema huko alikosomea alikuwa anafanya kazi kwenye chumba chenye sumaku kubwa mno, na ukiingia na saa inakufa. "Mwanzoni nilikuwa naivua mlangoni," akasema. "Baadaye nikaona usumbufu, nikaacha kuivaa. Nimerudi nyumbani, mkono umeshazoea."

Ile sumaku ndiyo iliyotufanya tumpende. Kitabu chetu kilikuwa na aya moja tu kuhusu namna wanasayansi wanavyojua umbo la protini, kitu kidogo kiasi kwamba hakuna hadubini ya shuleni inayokiona. Mwalimu mwingine angeisoma ile aya na kupita. Madam alifunga kitabu, akavua mtandio wake, akajifunga machoni.

"Badilishaneni viti," akasema. "Nisijue nani kakaa wapi."

Tukabadilishana kwa vurugu na vicheko. Tulipotulia akatueleza kanuni. Yeye angeita jina la mmoja wetu, na aliyeitwa angeitika. Waliokaa karibu naye, ambao mkono wake unaweza kuwafikia, wangetaja majina yao taratibu. Wa mbali wangenyamaza. Akaanza kuita. Mtu mmoja alikuwa anaandika orodha ubaoni: fulani yuko karibu na fulani na fulani. Tulikuwa zaidi ya arobaini, na ilichukua kipindi chote. Mwishoni akafungua macho huku ameugeukia ubao, akaisoma ile orodha, akachukua chaki, akachora darasa zima: nani yuko kona ya mlango, nani yuko dirishani, nani yuko katikati. Alikosea watu wawili tu. Akageuka akatutazama, akarudi ubaoni akaandika kwa herufi kubwa: NIMEKOSEA WAWILI.

"Sumaku inafanya hivi hivi," akasema. "Chembe zilizo ndani ya protini zinaitwa, zinaitika, na jirani anaitika kidogo. Ukijua nani ni jirani wa nani, unachora umbo lote bila kuliona. Mimi nilifanya kazi hii miaka minne."

Rafiki yangu mmoja, Msukuma wa Magu, akanyoosha mkono. "Madam, hiyo plotini ulikuwa unaichola ya nini?" Darasa likacheka. Madam hakucheka. "Sumaku haijali matamshi," akasema, "na mimi sijali. Swali lake ni zuri kuliko vicheko vyenu." Akamjibu: ilikuwa protini ya mnyoo wa kichocho. Mnyoo huyu wa ziwani kwetu, anayetoka kwenye konokono na kuingia kwa mtoto anayeogelea. Watu waliamini ukijua umbo la protini ile, unaweza kuitafutia dawa ya kuiziba, kama vile fundi anavyotengeneza ufunguo baada ya kuona kitasa.

Alikuwa mkali, ingawa hakushika fimbo hata siku moja. Mdomo wake ulitosha. Siku moja tulikuwa na zoezi la kupima asidi, na mimi nilichelewa kufika. Nikachungulia daftari la jirani, naye alikuwa amechungulia la mwingine, na wote tukaandika ishirini na nne nukta tano. Madam akakusanya madaftari, akayasoma amesimama.

"Hongereni," akasema. "Darasa zima mmepata jibu moja. Nami leo asubuhi niliweka asidi tofauti kwenye kila meza."

Tulirudia lile zoezi Jumamosi, kila mtu peke yake, naye akikaa mwisho wa chumba akila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwenye mfuko wa sweta. Nilipomaliza akaniita. "Wewe una akili," akasema, "lakini unaogopa kupata jibu lako mwenyewe." Nilikasirika wiki nzima. Mpaka leo naona alinisoma vizuri kuliko mama yangu.

Alikuwa na misemo yake. Mtu akimbembeleza amwongezee alama, alisema, "Vipimo havina mjomba." Mtu akificha chupa aliyoivunja, alisema, "Kosa lina miguu. Usipolipeleka, litakwenda lenyewe." Hii ya pili tuliiandika nyuma ya mlango wa maabara. Mkuu wa shule aliamuru ifutwe, Madam akamwambia iachwe, ikaachwa.

Lakini mtu huyu huyu alikuwa na mambo yake. Alitufundisha kuhusu kichocho mpaka tukaogopa kunawa ziwani. Akipita ufukweni akawaona watoto kwenye maji yenye majani, alisimama juu ya jiwe akawapigia kelele watoke. Halafu Jumamosi jioni unamkuta yeye mwenyewe, gauni limepandishwa hadi magotini, viatu mkononi, anatembea majini taratibu akiwaza yake. Nilimkuta hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilijifanya sijamwona. Mara ya pili nikamsalimia.

"Shikamoo Madam. Na konokono je?"

"Marahaba. Konokono nawajua," akasema bila aibu. "Na dawa nakunywa."

Kweli alikunywa. Siku ya kugawa dawa za kichocho alijipanga foleni na wanafunzi, akapimwa urefu kama sisi ili ijulikane anywe vidonge vingapi, akapewa vile vidonge vikubwa vichungu, akavimeza mbele yetu bila kukunja uso. Walimu wengine walimcheka. Alisema amekulia upande wa Mara kwenye maji haya haya, na hajaona sababu ya kuanza kujifanya mgeni.

Alikataa pia kusaidia watu, kwa maneno. Jirani yake Mama Koku alimgongea asubuhi moja amembeba mwanawe mwenye homa. Nilikuwepo, nimekwenda kuchukua vitabu. "Daktari, nisaidie, mtoto anawaka."

"Mara ngapi nikuambie, mimi si daktari!" Madam akafoka. Na huku anafoka alikuwa ameshavaa viatu, ameshachukua kanga ya kumfunika mtoto, ameshapiga mluzi kuita bajaji barabarani. Alikaa zahanati siku ile mpaka saa nane mchana. Kipindi chetu hakikufundishwa, na kesho yake akatuomba msamaha kama vile ametuibia.

Sasa niseme kuhusu ule udaktari wenyewe, maana ndio kisa kilichomfuata popote.

Mtaani walikuwa na maelezo yao. Kuna waliosema alifukuzwa huko Ulaya. Kuna waliosema baridi ilimchanganya akili. Wengine walisema alipata udaktari lakini anauficha asije akaombwa michango. Sisi tulikuwa kidato cha sita siku wakaguzi walipokuja shuleni, na mkuu wa shule akamtambulisha mbele yetu: "Huyu ni daktari wetu wa kemia, msomi wa nje." Madam akasimama. "Samahani mkuu. Nina shahada ya uzamili. Udaktari nilikwenda kuusoma, sikuupata." Mkuu akakauka. Wakaguzi wakaandika kitu. Walipoondoka, tulimsihi Madam atuambie, naye akaketi juu ya meza ya maabara, jambo ambalo alitukataza sisi, akatuambia.

Alisema protini ya mnyoo haiwezi kutolewa kwa mnyoo mwenyewe, ni kidogo mno. Kwa hiyo unachukua bakteria, unampa maelekezo ya mnyoo, naye anakutengenezea. Kisha unasafisha, unasafisha tena, mpaka ibaki protini unayoitaka peke yake. Ndiyo unayoingiza kwenye sumaku. Yeye alifanya hivyo. Alipata ramani nzuri yenye mamia ya madoa, kila doa ni chembe inayoitika. Alikaa miaka akiyapa madoa yale majina, moja moja. Msimamizi wake alifurahi. Tasnifu ikaandikwa karibu yote.

"Mwaka wa nne," akasema, "nilikuwa nalinganisha orodha yangu na orodha za watu wengine. Nikaona majina yanapangika kwa utaratibu ambao si wa mnyoo. Nikarudia. Nikarudia tena. Ilikuwa protini ya yule bakteria. Protini yake mwenyewe, ya kwake, iliyojificha pamoja na yangu, na wakati wa kusafisha nikatupa ya mnyoo nikabaki na yake. Miaka yote ile nilikuwa nachora mfanyakazi nikidhani nachora mwenye nyumba."

"Ukafanyaje, Madam?"

"Nikafunga kompyuta, nikavuka korido, nikagonga mlango wa msimamizi."

Ndivyo alivyosema, kwa utulivu kabisa. Alimweleza msimamizi. Muda wa masomo ulikuwa unakwisha, haukuongezwa. Wakampa shahada ya uzamili kwa kazi aliyofanya, akapanda ndege akarudi Mwanza, akaomba kazi ya ualimu. Hakuna mtu angejua, tulimwambia. Akasema, "Bakteria angejua," nasi tukacheka, na kengele ikalia.

Kisa kile kilinilea. Nilipofaulu nilisomea kupiga picha za hospitali, eksirei kwanza, baadaye nikapata mafunzo ya mashine ya MRI, ambayo ni ndugu wa ile sumaku ya Madam. Niliichagua kwa sababu yake, sioni haya kusema. Nilipoajiriwa hapa Mwanza nilikwenda Kiseke kumwambia, akanipikia samaki aina ya sato kwa ugali wa mhogo, akaniuliza maswali ya mashine mpaka chakula kikapoa.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilifanya kosa. Walikuja wanawake wawili wenye jina moja la kwanza, wote wa kupigwa picha ya kichwa, wamefuatana. Nikahifadhi picha za mmoja kwenye faili la mwenzake. Niligundua baada ya chakula cha mchana, nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta. Mmoja wao alikuwa na uvimbe. Picha zilikuwa hazijasomwa bado. Ningeweza kuzihamisha kimya kimya, na labda ningefanikiwa, na labda zingekuwa zimeshafunguliwa na mtu. Nikaweka mkono kwenye kipanya, nikauondoa. Nikasikia sauti ya Madam: nikafunga kompyuta, nikavuka korido, nikagonga mlango. Nikainuka. Nikavuka korido ya kwetu, nikagonga mlango wa mkuu wa kitengo. Picha zilisahihishwa jioni ile ile, kabla mtu yeyote hajapewa majibu. Mimi nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Sikuwahi kumweleza Madam. Nilikuwa nangoja siku nzuri.

Siku yenyewe ilikuja mwaka jana. Madam alikuwa amestaafu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Daktari wa mifupa akamwandikia MRI ya mgongo, na asubuhi moja nikasoma jina lake kwenye orodha yangu. Nikatoka mwenyewe kumpokea.

Alikuwa amepungua. Sweta lilimning'inia. Alikuwa na fimbo ya mbao tupu na gauni la kitenge lisilo na zipu. "Shikamoo Madam."

"Marahaba. Nimekuja bila hata pini," akasema. "Nisije nikakuharibia mashine." Akaitazama ile mashine kupitia mlango. "Sumaku yake ina nguvu tesla ngapi?"

"Moja na nusu."

"Yangu ilikuwa kumi na nne," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akijivuna.

Nilimlaza, nikamziba masikio, nikamwekea mkononi kile kipira cha kubonyeza ukizidiwa. Alikaa ndani nusu saa. Hakukibonyeza. Alipotoka aliomba kuona, na kwa kuwa ni yeye, nikamsogezea kiti. Akautazama uti wa mgongo wake mwenyewe, pingili kwa pingili, kwa muda mrefu. Nilimwambia mimi si wa kusoma majibu, lakini aliona mwenyewe pale pingili moja ilipokuwa imetokeza nje kidogo. "Ni maji ya mwilini tu yanaitika," akasema polepole. "Miaka yote hii sikuwahi kuwa upande wa ndani."

Mgonjwa aliyefuata alikuwa bado hajaandaliwa. Nikaona ndiyo siku yenyewe. Nikamweleza Madam habari za wale wanawake wawili. Nikamweleza nilivyokaa mbele ya kompyuta, na nilivyomsikia yeye, na nilivyoinuka saa ile ile kama yeye alivyoinuka. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimengoja uso wake ufurahi.

Akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Sikuinuka saa ile," akasema.

Sikuelewa.

"Korido ile niliivuka baada ya wiki kumi na moja." Alisema huku ananitazama usoni. "Nilifunga kompyuta, hilo kweli. Kisha nikaenda kulala. Kesho yake mama alinipigia simu kutoka nyumbani, wameshachagua kitenge cha sare cha kunipokea daktari. Nikasema nitamwambia msimamizi Jumatatu. Jumatatu ikawa Jumatatu nyingine. Nikaendelea kuandika tasnifu. Kulikuwa na kijana mwenzetu aliyeanza nyuma yangu, alichukua ramani yangu akaanza kutafuta dawa juu yake. Nilimwona kila siku maabara akihangaika, hakuna kinachoshika, na mimi najua kwa nini. Wiki kumi na moja. Siku moja alikuja kuniomba radhi, akasema labda yeye ndiye anaharibu kazi yangu nzuri. Hapo ndipo nilipokwenda kugonga mlango."

"Lakini ulituambia..."

"Niliwaambia. Nilikuwa na darasa zima limenyamaza, nikaona somo litanoga zaidi nikikata zile wiki. Mwaka uliofuata nikalisema hivyo hivyo. Baadaye nikashindwa kulirudisha nyuma."

Nilikasirika. Siwezi kusema uongo hapa. Nilihisi kama mtu ameniondolea kiti nikiwa nakaa. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea, kwamba mimi nilitetemeka siku ile, nilidhani ni mimi tu niliye mwoga, kwa kuwa yeye hakutetemeka. Kwamba barua ya onyo niliibeba nikijiona mdogo mbele yake.

Hakujitetea. Alisema, "Wewe ulikuwa mkubwa kuliko mimi. Ilipasa uambiwe mapema." Kisha akaongeza, "Yule kijana nilimwandikia mwaka niliostaafu. Amejibu. Hakujua. Amesema alipoteza mwaka lakini alipata kazi nyingine nzuri. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza."

Nje nesi aliita jina. Nikamshika Madam mkono kumsaidia kuinuka, na mkono wake ulikuwa mwepesi, nikajikuta bado nimeushika tulipofika mlangoni. Hasira haikuwa imekwisha. Ilikuwa imekaa tu pembeni, kama mgeni asiyejua aanzie wapi. Nikamwambia nitapita Kiseke Jumapili baada ya misa, naye akasema atanunua sato.

Majibu yake yalikuja mazuri kiasi. Hakupasuliwa, alipewa mazoezi, na mguu umerudi kwa sehemu kubwa. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku ile ile, dakika chache baadaye.

Mgonjwa wangu aliyefuata alikuwa mzee mfugaji kutoka upande wa Misungwi, na alikuwa amegoma. Alikaa kwenye benchi la ukumbini ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili, binti yake akimsihi, nesi akimsihi. Alisema kwa Kisukuma kwamba haingii kaburini akiwa hai. Nilikuwa nakwenda kumtuliza kwa maneno yetu ya kila siku: haina maumivu, ni kelele tu, watoto wadogo wanaingia.

Madam alinitangulia. Aliketi benchini karibu na yule mzee, akanyoosha mguu wake mbaya, akamwamkia kwa Kisukuma chake chenye lafudhi ya Mara. Mzee akaitikia, akalitazama lile sweta lake.

"Umetoka humo?" akamuuliza.

"Nimetoka sasa hivi."

"Hawa wanasema si kitu. Wewe je, hukuogopa?"

Niliona mabega ya Madam yakishuka.

"Niliogopa," akamwambia. "Niliogopa sana. Nilifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho."

Mzee akampa binti yake kofia, akainuka, akaelekea chumba cha mashine.